Kenya: Ubingwa Usio na Umati

Mwaka 2025 timu ya Polisi ya Kenya ilitwaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa ligi kuu ya nchi hiyo. Ulinzi, timu ya jeshi, ilikwisha kuutwaa mara nne kati ya mwaka 2003 na 2010. Hata hivyo, umati ungali wa Gor Mahia na AFC Leopards, vilabu vya wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1968 na 1964. Kikombe hakijazi uwanja.

Isidhaniwe kwamba Wakenya wameuchoka mpira wa nyumbani. Mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za ndani tu, watu walifurika Kasarani, na baadhi wakaingia kwa nguvu bila tiketi, hata CAF ikapunguza idadi ya watazamaji.

Timu ya askari ina tatizo lake la pekee: machoni pa raia ni mali ya kambi. Yafaa iwe na mji wake, icheze mahali pamoja msimu mzima, na wachezaji wake waonekane wakifundisha vijana mitaani.

Tena liko lango. Mwenyeji wa kwanza wa mtu aliyelipa kiingilio, akamleta mkewe na watoto, ni askari wa zamu. Wajibu wake ni kumzuia asiye na tiketi, lakini mwenye tiketi akisukumwa kama mhalifu, Jumamosi ifuatayo atakwenda kutazama ligi ya Uingereza katika televisheni.