KUTAYARISHA MOTOKAA KABLA YA MASIKA
(Mazungumzo na wanachama wa Homa Bay na Migori)



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikuletwa mpaka kwetu. Zamani watu na mizigo walivuka ziwa kwa meli za reli mpaka Kendu Bay na Homa Bay. Siku hizi karibu wote twaenda kwa motokaa, na madereva ni wengi kati yenu. Ndiyo sababu mimi, mtu wa reli, nimesimama kusema habari za magari.

Ulaya watu hubadili tairi kabla ya theluji. Sisi hatuna theluji. Shida yetu ni matope. Masika huanza Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Desemba. Gari litengenezwe Februari, wakati barabara ingali kavu. Ukingoja mvua ikuonyeshe ubovu, utauona mtelemkoni.

Kwanza tairi. Mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini yake. Tairi yenye kipara hupanda juu ya maji, na hapo usukani haukusikii tena. Wengine hupunguza upepo wakidhani gari litashika vizuri zaidi. Kwenye tope zito husaidia kidogo, lakini juu ya lami yenye maji ni hatari. Ukitoka topeni jaza tena. Naona ajabu mtu kununua redio kubwa ya gari na huku tairi zake ni laini kama kichwa cha mzee.

Pili breki. Treni haiondoki stesheni mpaka breki zimejaribiwa hata behewa la mwisho, na hakuna bwana mkubwa awezaye kusema, “Nendeni tu, tumechelewa.” Motokaa nayo ijaribiwe hivyo kila asubuhi, kabla abiria hawajapanda. Ukipita majini, kanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke.

Waipa, taa na betri mwazijua. Mpira wa waipa uliokauka kwa jua hauna kazi, ubadilishwe.

Kwenye udongo mweusi wa Lambwe na wa Nyatike, chukua jembe, kamba nene, na minyororo ya kufunga magurudumu yanayosukuma gari. Ifungue ufikapo lami.

Mto Kuja ukifurika, usijaribu kuvuka. Maji yaendayo kasi, kina cha sentimeta 30, yaweza kuchukua gari dogo. Sentimeta 60 huchukua hata kubwa. Abiria wakikupigia kelele, waache wapige.

Sasa neno la chama. Dereva wa kuajiriwa huambiwa, “Tairi tutanunua mwisho wa mwezi, wewe peleka gari.” Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe mahali penye hatari hiyo mpaka itengenezwe. Basi usigombane. Andika ubovu kwenye karatasi mbili, tia tarehe na namba ya gari, moja mpe msimamizi, nyingine weka mwenyewe. Akikataa kuipokea, mlete mwakilishi wetu awe shahidi. Mwenye tairi mbaya hata sasa aje mbele baada ya mkutano, tumsaidie kuandika karatasi hiyo leo.