Jina Lililoandikwa
(Hotuba ya Mwandishi wa Chama mbele ya Mkutano wa Mwaka, Busibwabo)



Nimeagizwa kueleza habari ya fedha za dharura ambazo Serikali hutoa kwa watu walioharibiwa nyumba zao na maji.

Wazee waliopo hapa wanazikumbuka mvua kubwa za mwaka 1961. Mto Nzoia huteremka kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ukaingia ziwani katika nchi ya Bunyala. Na ndugu zetu wa Budalang'i wameyahama makwao mara nyingi, kila matuta ya mto yalipobomoka. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata yakapita kipimo cha mwaka 1964. Sisi wa Busibwabo hatukai ukingoni mwa Nzoia, lakini twajua lifanywalo na mvua ya usiku mmoja katika mabonde yetu: ukuta wa udongo hulowa chini, ukalala, na mahindi yaliyo ghalani yakaota.

Watu wengi hudhani kwamba fedha za dharura ni deni ambalo Serikali inadaiwa na kila aliyepata hasara. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 208, iliweka hazina ya dharura kwa nchi nzima. Kisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ikaruhusu kila Kaunti iwe na hazina yake ya dharura, kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na malipo yake ya mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya Kaunti ya mwaka uliotangulia. Fedha zikitolewa, habari zake hazina budi kufikishwa mbele ya Bunge hilo katika muda wa miezi 2. Basi sheria huipa Serikali ruhusa ya kutoa. Haimpi mwenye nyumba hati ya kudai kiasi fulani. Hata kinachotolewa ni cha kuanzia tu. Mwezi wa Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Mathare jijini Nairobi, aliahidi shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyohamishwa kandokando ya mto. Kila mmoja wetu aliyewahi kununua mabati anajua kwamba fedha hizo hazijengi nyumba.

Lakini hata hicho kidogo hakimfikii aliyelia kuliko wengine. Humfikia yule ambaye jina lake limeandikwa. Orodha huanzia kwa mzee wa kijiji, ikapita kwa naibu wa chifu na kwa chifu, ndipo ikafika kwa wakubwa. Aliyekosekana mwanzoni hukosekana mpaka mwisho.

Ndugu zangu, nasema haya kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Mwaka mmoja wa mvua kubwa niliombwa kusaidia kuandika majina kijijini kwetu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilipofika kwa mama mmoja mjane, nikaona jiko limeanguka na mlango umefungwa. Alikuwa amekwenda kujihifadhi kwa binti yake Malaba. Nikasema moyoni, nitarudi kesho. Sikurudi. Msaada ulipokuja, jina lake halikusomwa. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Katika mkutano wetu uliofuata alikuja, akafungua kitambaa chake, akatoa ada yake ya mwezi, akaketi. Tangu siku ile sijapata kuketi mbele yake kwa raha.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, Chama kiweke daftari la nyumba zote za wanachama, lenye jina la mwenye nyumba, nambari ya kitambulisho chake, hesabu ya watu walalao humo, na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Siku hizi fedha hutumwa mara nyingi kwa simu, na simu iliyosajiliwa kwa jina la kijana aliye mbali inaweza kumpotezea mama yake haki. Pili, kila orodha isomwe kwa sauti barazani kabla ya kupelekwa, ili aliyesahauliwa atajwe na jirani yake, na asiyestahili aondolewe mbele ya watu. Tatu, tutenge sehemu ya ada zetu kwa ajili ya siku zile za kwanza, maana Serikali huja ikiisha kuhesabu, bali mtoto hulia njaa usiku ule ule.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba hata mtu, asipoandikwa, hupotea hivyo hivyo, naye yu hai kati yetu. Nikikubaliwa, nyumba ya kwanza katika daftari hilo itakuwa ya mama yule, nami nitakwenda mwenyewe kuiandika.