Mikono Kwanza, Mashine Baadaye

(Mazungumzo na vikundi vya kuoka mikate)

Leo tuzungumze juu ya swali linalosumbua vikundi: tukitaka kuoka mkate wa chachu, tukande kwa mikono au tuchukue mkopo tununue mashine?

Kwanza tuelewane. Chachu si hamira ya dukani. Ni unga na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe. Nyinyi mnaochachusha uji mnalijua jambo hili tayari. Ndani ya unga mna viini visivyoonekana kwa macho. Vikipata maji na joto, vingine hutoa hewa inayoumua mkate, vingine huleta ule ukali.

Chukua chupa safi yenye mdomo mpana. Tia vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano usiokobolewa na vijiko 2 vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Koroga, funika bila kukaza. Kila siku toa nusu, uongeze unga na maji kwa kiasi kile kile. Siku ya 3 au ya 4 mapovu yanaweza kupungua. Hapo wengi hukata tamaa wakamwaga. Usimwage! Endelea kulisha. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi penye baridi, chachu itaumuka mara mbili saa chache baada ya kulishwa. Ikiota ukungu au ikiwa na rangi ya pinki, tupa yote uanze upya.

Siku ya kuoka, changanya unga kilo 1, maji mililita 600, chachu gramu 200 na chumvi vijiko vya chai 3. Huhitaji kukanda mpaka mabega yaume. Kila nusu saa vuta ukingo wa unga, ukunje juu yake, mara 4. Muda utafanya kazi iliyobaki. Uache uumuke saa 4 hadi 6. Limuru utachelewa kuliko Kisumu. Tengeneza mikate 2, iache iumuke tena, kisha oka kwenye sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama dakika 45. Gonga chini ya mkate: ukilia kama debe tupu, umeiva.

Na mashine je? Ile ndogo ya nyumbani hukanda, huumua na kuoka kwa saa 3 au 4, kwa sababu imepangiwa hamira. Chachu haijui haraka hiyo. Mkate utatoka mzito kama tofali. Ukiwa nayo, itumie kukanda tu. Tena huoka mkate mmoja kwa wakati, na stima ikipotea katikati, unga unaweza kuharibika.

Mashine kubwa ya kukandia ni nzuri, lakini inapumzisha mikono tu. Haipunguzi saa za kuumuka, wala haileti wanunuzi. Na mkopo hulipwa hata mwezi ambao mikate haikununuliwa.

Kwa hivyo nawaomba: kila mwanachama aanzishe chupa yake. Okeni Jumamosi 4 kwa mikono. Andikeni kwenye daftari gharama ya unga na makaa, na mikate iliyouzwa. Wanunuzi wakizidi nguvu za mikono yenu, na daftari likionyesha faida, hapo mashine itajilipia yenyewe. Kabla ya hapo, pesa za kikundi zikae benki.