MITO YA MERU HAIJUI MIPAKA YA KATA

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Arusha)



Mwezi Aprili 2024 maji ya mvua yalisomba basi la wanafunzi katika jiji hili, na watoto wetu wakapoteza maisha. Sikuja hapa kutafuta wa kulaumiwa. Nataka tujiulize jambo moja tu: mvua inaponyesha mlimani, maji hupita wapi, na nani kati yetu aijuaye njia hiyo kabla hajatia sahihi hati ya kiwanja?

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500. Kwa kuwa ni volkano, mito yake huteremka pande zote kama njiti za mwavuli uliofunguliwa. Themi, Naura na Nduruma huelekea kusini. Maji yake huingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani humo kata ni nyingi, na kila moja hugawa ardhi yake kana kwamba maji yanaanzia mpakani mwake.

Zamani aliyetaka kujua eneo linalomwagia mto maji alifuata mistari ya mwinuko kwa penseli juu ya ramani ya karatasi, siku baada ya siku. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu. Tangu 2014 vipimo vya Afrika, kwa miraba ya mita 30, hupatikana bila malipo. Kompyuta huutazama kila mraba na majirani zake wanane, ikaona mteremko mkali zaidi uko wapi. Maji huelekea huko. Kisha huhesabu ni miraba mingapi inayomwaga maji yake mahali pamoja. Penye hesabu kubwa ndipo penye njia ya maji, hata kama wakati wa kiangazi hapana tone na mtu amekwisha chimba msingi.

Umbo la bonde nalo lina neno lake. Mmarekani Robert Horton alionyesha 1932 kwamba yatosha kugawanya eneo la bonde kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Bonde la kilomita za mraba 20 lenye urefu wa kilomita 5 hupata 0.8, likiwa na urefu wa kilomita 10 hupata 0.2. La kwanza ni la mviringo, na maji yake hufika mdomoni karibu kwa wakati mmoja. La pili ni jembamba, nayo hufika kwa zamu. Lakini asidanganyike mtu kwa wembamba wa mabonde ya Meru, maana mteremko wake ni mkali na maji hayangoji zamu.

Tusiiabudu kompyuta. Rada ile aghalabu ilipima vilele vya miti na mapaa ya nyumba, si udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika picha ya miraba ya mita 30, hiyo ni miraba miwili tu! Picha za setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza 2015, zina miraba ya mita 10, nazo ni bora kwa kutazama majengo yanayosogelea ukingo. Hata hizo hazioni kalvati iliyozibwa na takataka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu walimu wa jiografia. Chukueni ramani hiyo, mtembee na wanafunzi kando ya Naura mara mbili, kiangazi na mara baada ya masika maji yakiwa yamekwisha pungua, mkiandika kila kalvati na kila nyumba iliyokaa njiani mwa maji. Nakala moja iende ofisi ya kata, ya pili kwa kata iliyo juu yenu, na ya tatu Moshi, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.