Shimo la Goroumbwa



Wauguzi na wataalamu wa maabara mnaohitimu leo hapa Bunia, nawapeleka Durba, huko Watsa, kaskazini yetu. Kati ya 1998 na 2000, homa ya kutoka damu iliwashika watu 154, ikaua 128. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wachimba dhahabu. Katika msiba wa namna hiyo watu huulizana: nani kamletea mwenzake?

Waliokuja kupima walikuta ni virusi vya Marburg. Walipozisoma jeni za virusi hivyo, wakakuta koo zisizopungua tisa. Maradhi yangekuwa yameingia mara moja tu, kisha yakahama nyumba hadi nyumba, ukoo ungekuwa mmoja. Tisa maana yake yalikuwa yakiingia mara kwa mara, upya. Tena, kati ya wachimbaji waliougua, 27 tu katika kila 100 walisema wamewahi kukaribiana na mgonjwa. Baadaye alama za virusi hivyo zilionekana katika popo wa Goroumbwa, shimo la dhahabu la huko. Shimo lilipojaa maji, mlipuko ukaisha. Hapakuwa na mchawi, wala jirani wa kulaumiwa.

Elimu ya virusi ilianzia kwenye majani ya tumbaku. Wanasayansi Pasteur na Koch walikuwa wamefundisha kutafuta kijidudu cha kuonekana kwa hadubini na kuoteshwa maabarani. Mwaka 1892, Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani yenye ugonjwa kwa chujio la kauri lisilopitisha bakteria. Maji yakatoka maangavu, na bado yakaambukiza. Alidhani labda chujio lina kasoro. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifanya jaribio kama hilo, akasema hiki ni kitu kingine, kinachoongezeka ndani ya mmea ulio hai tu. Namheshimu mno kwa hilo: hakulaumu chombo. Virusi hivyo vya tumbaku havikuonekana hadi miaka ya 1930.

Baadhi yenu mtapangiwa vituo vya machimboni, Mongbwalu na kwingineko. Kijana akiletwa na homa, mama yake atawauliza nani kamwambukiza. Mketisheni, mpeni maji. Kisha mwulizeni kwa upole mwanawe aliteremka shimo gani, na siku gani.