Kurudi kwa Aliyekukopesha Baada ya Kufilisika
Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha harambee, Houston



Kamati imetupa dakika kumi na mada ambayo watu huizungumza jikoni kwa sauti ya chini. Tumekubali kwa sababu moja. Kila mwaka tunapohesabu waliokuja na wasiokuja hapa, tunajua wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu ya madeni. Sisi wawili tulikaa miaka miwili bila kukanyaga ukumbi huu.

Mwaka 2013 tulifilisika. Lori letu lilikufa injini, na mwezi huohuo mmoja wetu akalazwa hospitali bila bima. Tuliomba mahakamani chini ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, na baada ya kama miezi minne madeni yakafutwa: kadi, hospitali, salio la lori.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hawajui. Mkopo wa lori tuliuchukua kwenye chama cha akiba na mikopo ambacho wengi wenu mnaweka fedha, na mdhamini wetu alikuwa mtu wa nyumbani. Yupo humu ndani, hatutamtaja. Sura ya 7 humfutia deni aliyeomba, haimfutii mdhamini. Sisi tulipopata kinga, simu zikahamia kwake. Ipo Sura ya 13, ile ya kulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, ambayo humkinga mdhamini wakati mpango unaendelea, lakini kwa deni la matumizi ya nyumbani tu. Lori la biashara halimo. Kwa hiyo kabla hujamwomba binamu au shemeji akusainie, mweleze hilo kwanza.

Mwenzetu alilipa dola 5,200. Kisheria hatukudaiwa hata senti. Tulimrudishia dola 100 kila mwezi, miezi 52, na mwezi mwingine hiyo mia ilitoka kwenye fedha ya nyama. Yeye ndiye mkopeshaji wa kwanza tuliyerudi kwake, na tusingekuwa na uso wa kusimama hapa bila hilo.

Huku nyuma tulianza upya kidogo kidogo. Tulichukua kadi ya dhamana, ile unayoweka dola 300 zako mwenyewe benki ndipo wakupe kikomo cha dola 300. Tulinunulia mafuta ya gari tu, tukalipa yote kila mwezi. Tuliagiza taarifa zetu za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, ambazo ni bure, na tukakuta deni moja lililofutwa bado linaonekana tunadaiwa. Tuliandika barua ya kupinga na kuambatanisha hati ya mahakama. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Likasahihishwa. Kuna watu mtaani watawaambia wanaweza kufuta kufilisika kwenye rekodi kwa dola 800, au wakuuzieni namba mpya ya kutumia badala ya ile ya hifadhi ya jamii. Kilicho cha kweli kwenye rekodi hakifutwi kabla ya wakati wake, na hiyo namba mpya itakupeleka jela.

Sura ya 7 hukaa kwenye taarifa hadi miaka 10 tangu siku ya kufungua shauri. Yetu ilitoka 2023. Tulifurahi, tukaenda moja kwa moja kwenye kile chama chetu cha zamani kuomba mkopo wa gari, kwa sababu riba yao ilikuwa nafuu kuliko kwingine kote tulikouliza. Wakatukataa.

Barua ya kukataliwa lazima itaje sababu, au ikuambie una haki ya kuiuliza. Yetu ilisema tuliwahi kukisababishia chama hasara. Ile miaka 10 inahusu kampuni za taarifa za mikopo. Daftari la mkopeshaji mwenyewe halina mwisho huo. Sheria inamkataza kukudai deni lililofutwa, lakini haimlazimishi kukukopesha tena.

Tuliomba kuonana na afisa mikopo ana kwa ana. Mama mmoja mpole sana, akafungua faili. Deni la lori lilikuwa limelipwa na mdhamini. Iliyobaki ni kadi, dola 1,850. Hakutuomba tulipe, na alikuwa makini na maneno yake. Alisema tu kwamba utaratibu wao ni kutomkopesha mwanachama ambaye hasara yake haijarudi.

Sheria hairuhusu mtu kukushurutisha kulipa deni lililofutwa, ila hakuna anayekukataza ukiamua mwenyewe. Tulijadiliana nyumbani karibu miezi mitatu. Mmoja wetu alisema hizo fedha ni ada ya mtoto. Mwishowe tuliona kwamba ni fedha za wanachama, wakiwemo ninyi, tukalipa na kudai barua inayosema hasara imefungwa. Msilipe bila barua. Na kama huhitaji kurudi pale, usirudi. Wapo humu waliopata mkopo kwingine na kununua nyumba, na hawakumkosea mtu.

Hawakutupa gari papo hapo. Walitupa mkopo wa dola 1,000 uliodhaminiwa na akiba yetu wenyewe, tukaumaliza ndani ya mwaka. Kisha wakatupa wa gari, kwa riba ileile ya wanachama wengine. Safari hii hatukuomba mdhamini.

Sasa kuhusu zahanati ya nyumbani. Tafadhali msitoe ahadi ya usiku huu kwa kadi ya mkopo. Toeni kilichopo mkononi, hata dola 20, na aliye kwenye shauri la mahakama asitoe kitu kabla ya kuongea na wakili wake, ila aje ale nasi. Sisi tumemkabidhi mhazini dola 500 taslimu. Fomu ziko meza ya mlangoni, na anayetaka kuongea nasi faragha, tutakuwepo mpaka ukumbi unafungwa.