Gharama za Mtoto na Msimu wa Korosho
(Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa mbele ya wanachama)



Katika sherehe hii ya Chama Kikuu chetu tumeombwa tuseme machache juu ya malezi ya watoto. Yamkini wapo wanaoshangaa, kwani kazi ya Katibu ni mizani, magunia na stakabadhi. Lakini vitabu vya chama hutuonyesha mambo ya nyumbani kwa wanachama zaidi ya wanavyodhani.

Mtoto mchanga hadai fedha nyingi. Hunyonya, hufunikwa kanga kuukuu, na kliniki hupimwa bure. Gharama yake kubwa haiandikwi popote, nayo ni mikono ya mamaye. Mwaka ule mama halimi kama alivyozoea, na huku juu uwandani ndoo ya maji huwa nzito maradufu kwa aliye na mtoto mgongoni.

Afikapo miaka minane au tisa, mtoto huanza kurudisha kidogo: huokota korosho, hutumwa dukani, hulinda wadogo zake. Ndipo wazazi tunapojidanganya kwamba mzigo umepungua. Kisha huja jando na unyago, na nguo mpya, mchele, ngoma na wageni wa siku kadhaa. Hatusemi mila iachwe. Sisi wenyewe tumeingia jandoni. Twasema tu kwamba sherehe na sare ya shule hutoka katika mfuko ule ule.

Hadi mwaka 2015 ada ya sekondari za Serikali ilikuwa Sh. 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na Sh. 70,000 kwa wa bweni. Ikafutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa mwaka 2022. Twashukuru sana. Lakini godoro, sanduku, viatu na nauli havikufutwa, navyo huongezeka kadiri mtoto anavyopanda madarasa.

Hapa twaomba masikio yenu. Mtoto wa kidato cha kwanza huanza Januari, minada ikiwa imeendeshwa tangu Oktoba na malipo yakiingia. (Msimu wa 2018/2019 malipo yalichelewa, na sote twaikumbuka Januari ile.) Bali wa kidato cha tano huanza Julai, wakati mikorosho ina maua, mkulima anapuliza salfa, na mfuko ni mtupu. Tena aghalabu hupangiwa shule ya mkoa mwingine. Ndipo mnunuzi wa kangomba hubisha hodi.

Mdogo wetu wa kike alipochaguliwa kidato cha tano, marehemu baba aliuza gunia tano za korosho zilizokuwa bado maua. Sisi wakati ule tulikuwa karani wa chama; sheria twaijua, hasara twaiona, nasi tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na kitu cha kumpa. Oktoba tuliziona zikipita mizanini, na bei ya mnada ilizidi mara mbili ile aliyopewa baba. Binti alisoma, wala hatujuti. Lakini mwaka uliofuata salfa haikutosha, mavuno yakapungua, na mdogo wa kiume aliyemfuata, naye akiwa amechaguliwa, hakwenda. Leo hushona magunia ghalani kwetu.

Kwa hiyo kamati yetu imekubali kwamba, kuanzia msimu ujao, mwanachama atakaye ataandikisha kiasi cha kukatwa katika kila malipo ya mnada, kiwekwe benki kwa jina lake, wala kisitolewe ila mwezi wa Juni. Kiasi atakichagua mwenyewe. Tunaowaita hasa ni wenye watoto mgongoni, kwani wana misimu zaidi ya 15 mbele yao. Mwenye mtoto wa kidato cha nne amebakiwa na mmoja tu. Daftari la majina liko mezani kwa karani, karibu na mlango.